Kindu: pikipiki ya umeme haihitaji esansi, lakini umeme utatoka wapi?

Katika komine ya Mikelenge, mjini Kindu, siku ya motari huanza na chupa ya esansi. Mafuta hayo hufika Maniema baada ya safari ndefu: kwa treni kutoka upande wa Kalemie au Lubumbashi, ama kwa mashua juu ya mto Lualaba kutoka Ubundu. Treni ikichelewa, bei inapanda kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi, na motari anarudi nyumbani na feza kidogo.

Ndiyo maana habari kutoka nchi jirani zinavutia. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kutoa pikipiki za umeme kwa motari mwaka 2019. Dereva hangoji betri ijae. Anaacha kituoni ile iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kuendelea na kazi. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazoandikishwa kwa kazi ya taksi mjini humo zinapaswa kuwa za umeme.

Je, hesabu hiyo inaweza kusimama Mikelenge?

Pikipiki ya taksi hunywa takriban lita 2 hadi 2.5 za esansi kwa kilomita 100. Ya umeme inahitaji karibu kilowati-saa 4 kwa safari hiyo. Gari dogo la umeme linahitaji kilowati-saa 15 hadi 20, wakati lile la esansi hunywa lita 7 au 8.

Shida ni pa kujazia betri. Katika Kongo nzima, takriban mtu 1 tu kati ya 5 ana umeme nyumbani, na wengi wanategemea jenereta au pano za jua. Jenereta ndogo hutoa kilowati-saa 2 hadi 3 tu kwa lita moja ya esansi. Kujaza betri ya pikipiki kwa njia hiyo kunakula lita moja na nusu hadi 2, na gari karibu lita 7. Mwenye chombo anabaki mteja wa Kadhafi yule yule.

Jua linabadilisha hesabu. Pano moja ya wati 400 hutoa karibu kilowati-saa 1.5 kwa siku yenye jua zuri. Pano 3 zinatosha kwa kilomita 100 za pikipiki. Gari linataka zaidi ya 10. Lakini mchana jua likiwaka, pikipiki iko barabarani na abiria. Kwa hiyo inahitajika betri ya pili inayojazwa nyumbani, na siku za mvua kazi inapungua.

Kwenye garaji kuna nafuu: hakuna vidanji, hakuna buji, hakuna filta ya mafuta. Gharama kubwa inangoja mbele, siku betri itakapochoka. Anayetaka gari la okazioni ajihadhari zaidi. Nissan Leaf za kwanza, kwa mfano, hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto kali huzeesha betri haraka.

Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari. Kwa motari wa Mikelenge, swali la kwanza kabla ya kununua linabaki dogo zaidi: kesho asubuhi, betri itajazwa wapi, na kwa bei gani?