Mizani Peke Yake Haitoshi: Jua Uzito Wako na Urefu Wako

Kipindi cha Afya. Sauti mbili: MTANGAZAJI na MUUGUZI.

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Tunawasalimu ninyi mlioko Nyarushishi, hapa Rusizi, na wenzetu wa Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke na Mahama. Wengi wenu mmeshapanda mizani kwenye kituo cha afya, mkaambiwa kilo zenu, mkarudi nyumbani. Leo tunaye dada muuguzi. Dada, hizo kilo zina maana gani?

MUUGUZI: Asante, kaka. Kilo peke yake hazisemi mengi. Chukua watu wawili, kila mmoja ana kilo 54. Mmoja ni mama mwenye urefu wa mita 1.50. Mwingine ni baba wa mita 1.80. Mama huyo uzito wake ni mzuri. Baba huyo amepungua mno, anahitaji kuonwa na muuguzi.

MTANGAZAJI: Kilo ni zilezile! Umejuaje?

MUUGUZI: Nimelinganisha uzito na urefu. Kipimo hiki kinaitwa BMI; waliosoma Kifaransa wanakijua kama IMC. Simu ya kawaida inatosha kupiga hesabu yake. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita. Jibu utakalopata, ligawanye tena kwa urefu uleule. Kwa yule mama, 54 kwa 1.50 ni 36, na 36 kwa 1.50 ni 24. Kwa yule baba, 54 kwa 1.80 ni 30, na 30 kwa 1.80 ni kama 16.7.

MTANGAZAJI: Sasa namba hizo tunazisomaje?

MUUGUZI: Shikeni namba tatu: 18.5, 25 na 30. Chini ya 18.5, mwili umepungua. Ukifika chini ya 16, ni hatari kubwa. Kuanzia 18.5 hadi kabla ya 25, uzito ni mzuri. Kuanzia 25, uzito umezidi. Kuanzia 30, unene umepita kiasi, na hapo presha na kisukari vinakuwa karibu zaidi.

MTANGAZAJI: Lakini kwetu mtu akinenepa, tunasema mambo yake yamenyooka.

MUUGUZI: Mtu anaweza kunenepa na mfukoni hana kitu. Pesa ikiwa kidogo, sahani inajaa fufu na mafuta, maharage na mboga vinakosekana. Tumbo linashiba, lakini mwili bado una njaa. Ukipata hata kidogo, anza na maharage, lengalenga au sombe, na sambaza kidogo, kabla ya soda na mandazi.

MTANGAZAJI: Na mama anayesema, "Mwanangu ana mashavu na miguu imejaa, kwa hiyo ameshiba"?

MUUGUZI: Hapo naomba kila mzazi asikilize vizuri. Hesabu hii ya namba tatu ni ya watu wazima wasio na mimba. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anapimwa mkono kwa ule mkanda wa rangi. Kijani, mkono wake uko vizuri. Njano, chini ya sentimita 12.5, ameanza kudhoofika. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Mama mjamzito, na mama anayenyonyesha mtoto mchanga, nao wanapimwa mkono.

Miguu iliyojaa inaweza kuwa imevimba kwa maji. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila mguu, hesabu taratibu hadi tatu, kisha achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo inaweza kuwa bwaki. Mizani itaonyesha kilo nzuri, kumbe ni maji. Usingoje kesho. Mpeleke siku hiyohiyo.

Na chakula anachopewa mtoto huyo kituoni ni dawa yake. Tunajua ni vigumu wadogo zake wakilia njaa, lakini dawa ikigawanywa, mgonjwa hachelewi kuzidiwa.

MTANGAZAJI: Wengine wanaogopa kupimwa. Mtu akikonda, majirani wanasema ana ukimwi, au amelogwa.

MUUGUZI: Watu wanakonda kwa sababu nyingi: chakula kidogo, huzuni inayoondoa hamu ya kula, kuhara, minyoo, kifua kikuu, kisukari, na virusi vya ukimwi pia. Zote zina msaada zikijulikana mapema. Namba hii haitaji ugonjwa, wala haimhukumu mtu. Aliyeibuni miaka ya 1830, Mbelgiji Adolphe Quetelet, alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota. Alitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa daktari aliyemtazama mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kuzidi 25 na ni mzima. Mwingine ni mwembamba tangu ujana wake, na hana ugonjwa. Tazama sana mabadiliko. Kama ulikuwa na kilo 70, na baada ya miezi 3 una kilo 62 bila wewe kutaka, nenda ukaonwe, hata kama namba yako bado iko kwenye uzito mzuri. Ukiwa na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au jasho la usiku, mwambie muuguzi bila kuficha.

MTANGAZAJI: Basi tumwachie msikilizaji kazi gani?

MUUGUZI: Siku utakayopimwa, omba waandike uzito, urefu na tarehe, na karatasi hiyo uitunze pamoja na vitambulisho vyako. Ukihamishwa kutoka Nyarushishi kwenda kambi nyingine, nenda nayo. Muuguzi utakayemkuta huko hajawahi kukuona. Karatasi hiyo itamwonyesha kama umepungua au umeongezeka.

MTANGAZAJI: Nanyi wapendwa wasikilizaji, mwambieni jirani asiyekuwa na redio.

(MUZIKI)