Rangi ya Siagi na Macho ya Mtoto

Kila mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa amepata kuona jambo hili: wakati wa mvua, majani yakiwa mabichi, krimu huwa ya manjano, wakati wa kiangazi hupauka. Rangi hiyo yatoka katika majani. Ng'ombe huila, sehemu yake huigeuza kuwa vitamini A, na zote mbili hukaa katika mafuta ya maziwa, si katika maji yake.

Vitamini A, pamoja na D, E na K, haziyeyuki katika maji bali katika mafuta. Tumboni huchukuliwa na mafuta ya chakula, nyongo ikisaidia, ndipo ziingie mwilini. Vitamini A huwekwa akiba katika ini, kama mahindi ghalani. Mtu mzima aliyekula vizuri aweza kukaa miezi mingi akitumia akiba hiyo. Ghala la mtoto ni dogo. La ndama ni dogo zaidi, huzaliwa karibu tupu, ndiyo sababu Bwana Mifugo hasemi mzaha juu ya dang'a.

Sasa tazama jikoni. Sukuma wiki na mchicha viko mlangoni, lakini huchemshwa kwa maji na chumvi tu. Maziwa yote yameuzwa tangu alfajiri. Ugali ni wa mahindi meupe, yasiyo na rangi hiyo. Mtoto hushiba. Lakini jua likitua hujikwaa kwenye kigoda, hupapasa akitafuta sahani yake, na wenziwe humcheka kuwa ni mzembe. Si uzembe. Nyuma ya jicho kuna rangi inayotengenezwa kwa vitamini A, nayo ndiyo ionayo katika mwanga hafifu, ghala limekwisha. Akiachwa hivyo macho hukauka, hupata vidonda, naye aweza kupofuka kabisa. Surua ikimkuta katika hali hiyo, hata maisha yake yamo hatarini.

Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati mara moja. Na aliye mzima asikose matone ya kliniki kila miezi 6, tangu umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Usimwongezee mengine ya kununua dukani: yanayozidi hayatoki kwa mkojo, hurundikana katika ini yakawa sumu.

Nyumbani, tia kijiko cha mafuta au samli katika sufuria ya mboga, na mbakizie mtoto kikombe cha maziwa kabla debe halijafungwa. Yawe maziwa kamili. Yaliyoondolewa krimu yamekwisha kuondolewa na vitamini A yake.