Kigimbi Kilichopungua Inchi Moja na Nusu

Fundi cherehani akitaka kujua jambo, huchukua futi. Niliizungusha yangu kwenye kigimbi cha kulia, upana wa kiganja chini ya goti, ikasoma inchi 14. Kushoto, mahali palepale, ikasoma 12 na nusu. Wakati huo mfupa wa kifundo cha mguu huo wa kushoto ulikuwa umeshaunga, hogo limetolewa, na majirani hapa Ngamiani, Tanga, wananipongeza kwa kupona. Lakini ngazi nilikuwa nazishuka ubavu, kama kaa.

Bodaboda iliyonigonga ilivunja mfupa na kuchana kano za upande wa nje. Kifundo hicho hakitakuwa kama zamani, hilo nimeshaambiwa. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye maungio, likikwaruzika sana halijirudishi lilivyokuwa. Goti la mtu mzima linaweza kusagika kwa umri na uzito tu, ila wengi wanaosagika kifundo waliwahi kuumia hapohapo, pengine miaka mingi nyuma.

Kilichonizuia kukaa kwenye cherehani, hata hivyo, kilikuwa msuli. Mwili hauhifadhi msuli usiofanya kazi. Huanza kuupunguza mapema, hata ndani ya wiki za mwanzo za kufungwa hogo, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko kuupoteza. Kwangu niliyevuka hamsini, mrefu zaidi. Uvimbe na maumivu nayo hudhoofisha amri inayotoka kwenye ubongo: unataka kukanyaga kwa nguvu, mguu unakuitikia nusunusu. Basi unachechemea, uzito wote unahamia mguu mzima, na baada ya muda nyonga na kiuno vinaanza kulalamika vyenyewe.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Wa juu ndio unaoonekana umetuna, na mwingine mpana umelala chini yake. Yote miwili inaishia kwenye kano nene ya nyuma ya kisigino. Ule wa chini ndio unaofanya kazi sana ukiwa umesimama tu, kwenye foleni au jikoni. Pembeni mwa muundi, upande wa nje, kuna misuli mingine inayozuia wayo usipinduke kwa ndani. Hiyo ikilegea, kokoto moja tu ya barabarani inatosha kukutegua upya.

Nilipoteza pia mkunjo. Kisigino kilikataa kubaki chini nikichuchumaa, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mume wangu alitoboa kiti cha plastiki, tukakitumia bila aibu. Swala nasali kwenye kiti, kwa sababu kikao cha tahiyatu kinaulalia mguu uleule wa kushoto.

Majirani walinihurumia kupita kiasi. Kila nikiinuka: kaa, mama, usiukanyage. Maji ya kunawa yaliletwa hadi kitandani. Kijana wa fiziotherapia alikuja na maneno mengine kabisa: picha imeonyesha mfupa umeshika, kwa hiyo uzito uanze kurudi, kidogo kidogo. Nilipitisha kanga iliyokunjwa chini ya wayo, nikaivuta. Nilifunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza, nikausukuma wayo kwa nje dhidi yake. Nilishika meza ya kukatia nikainua visigino, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha limepinda kidogo ili ule msuli wa chini nao upate zamu yake. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu, maana kano zilizochanika hupoteza pia hisia ya kujua wayo umekaaje. Halafu nikavua mkanda wa cherehani na kukanyaga pedeli tupu, juu chini, bila kitambaa.

Maumivu madogo yaliyotulia kufikia asubuhi sikuyajali. Nikiamka kifundo kimevimba kuliko jana, napunguza.

Kuchuliwa kunalegeza msuli uliokaza, ila hakuujengi. Msuli hujengwa kwa kazi na chakula: dagaa, maharage, mayai. Supu ya kongoro naipenda sana, lakini anayesema inaotesha gegedu sijamwamini.

Wateja wenye miguu mibovu wananiuliza sana siku hizi, na kuna jambo moja nawaambia kabla ya mazoezi yote. Kigimbi cha upande mmoja kikivimba ghafla, kikawa na joto na kuuma, usikichue wala usikikande. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ukibanwa na pumzi juu ya hayo, usingoje hata saa moja.

Futi sasa inasoma inchi 13 na robo. Kuruka kamba na wajukuu nimeacha moja kwa moja, na sokoni nakwenda kwa viatu vya kamba vinavyoshika kisigino, si kandambili. Mkwe wangu ameninunulia mota ya kufunga kwenye cherehani, niache kukanyaga. Nimemshukuru, nikaiweka kabatini.