Vyumba vya Kupangisha na Mapatano Yasiyoandikwa

Katika miji midogo iliyo kandokando ya barabara kuu za Kenya, kama vile Limuru, Molo na Luanda, wako watu wengi wasio matajiri ambao huitwa wenye nyumba. Mmoja ni mkulima aliyeuza ng'ombe akajenga vyumba sita vya mawe na mabati; mwingine ni karani aliyetia kiinua mgongo chake chote katika kazi hiyo hiyo. Kujenga wanakujua. Taabu huja baadaye, mpangaji anapohama, au paa linapovuja, au kodi inapokosa kulipwa, kwa maana hapo kila mmoja hukumbuka mapatano kwa namna yake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 haikatazi mapatano ya mdomo, maadamu muda wa kupanga hauzidi miaka miwili. Basi anayepokea kodi ya mwezi kwa mwezi bila hati hajavunja sheria. Amejinyima ushahidi tu. Karatasi moja yatosha, ikitaja majina ya wote wawili, chumba kinachopangwa, kodi na tarehe ya kuilipa, kiasi cha amana, na nani atakayelipia maji, taka na umeme. Kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala yake. Jambo lililo bora zaidi, nalo hufanywa na wachache mno, ni wote wawili kuingia chumbani siku ya kukabidhi ufunguo na kuandika hali yake: vioo vya madirisha vilivyo vizima, kitasa kama chafunga, rangi ni mpya au ya zamani, sakafu ina ufa au haina. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kupiga picha za mambo hayo yote kwa dakika chache.

Faida ya orodha hiyo huonekana miaka mitatu baadaye. Mpangaji anahama, mwenye nyumba anautazama ukuta na kutangaza kwamba amana yote itakwenda katika rangi. Sheria yamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, lakini haimdai uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu. Mlango uliopigwa teke ukapasuka si uchakavu. Kati ya mambo hayo mawili yapo mengine mengi ya kugombaniwa, na asiye na orodha ya siku ya kwanza hana la kumwonyesha hakimu ila maneno yake.

Juu ya matengenezo, ipo dhana iliyoenea kwamba mpangaji akiisha kuingia, yote yaliyomo ni shauri lake. Sivyo. Palipo na vyumba kadhaa katika jengo moja, paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na njia zinazotumiwa na wote ni juu ya mwenye nyumba, isipokuwa hati imesema vingine. Tena chumba cha kuishi chapasa kuwa kimefaa kukaliwa na binadamu siku ya kwanza, na kiendelee kufaa. Nyumba ikiungua au kujaa mafuriko bila kosa la mpangaji, hata isikalike, kodi husimama mpaka itengenezwe. Nayo isipotengenezwa kwa muda wa miezi sita, mpangaji aweza kuondoka kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Kwa upande wake mpangaji yampasa kuitunza nyumba vizuri, na kumruhusu mwenyewe aingie kukagua kwa saa za heshima.

Mwenye busara hangoji kuitwa. Kabla ya mvua za masika humpandisha fundi juu ya paa. Misumari ya mabati hulegea kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na tundu dogo kama punje ya mtama huozesha boriti, hubomoa dari, na kumpa mpangaji sababu njema ya kuzuia kodi. Misumari michache ya mwezi wa pili ni rahisi kuliko paa zima la mwezi wa tano.

Tuje kwenye notisi. Kodi ikilipwa kwa mwezi, notisi haipungui mwezi mmoja, nayo yapasa kuisha katika siku ya kulipa kodi. Tuseme kodi hulipwa tarehe 1, na notisi imetolewa Machi 12. Wengi watahesabu mpaka Aprili 12. Hesabu iliyo sawa ni Mei 1. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata maji ili mpangaji ajiondokee mwenyewe si notisi hata kidogo, na aliyefanya hivyo aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Hata deni la kodi lina njia yake. Mali ya mpangaji haikamatwi na mwenye nyumba na ndugu zake, bali na dalali mwenye leseni.

Yako majengo yenye ulinzi zaidi. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake halali haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kuzuia Kodi ya mwaka wa 1959, na mpangaji wake hatolewi bila amri. Maduka na hoteli zina sheria yao ya mwaka wa 1965, na hapa ndipo wengi hunaswa. Mtu hukodisha chumba cha mbele kwa mwenye duka bila hati, akidhani amejiachia nafasi ya kumtoa apendapo. Kumbe duka lisilo na hati, au lenye hati isiyozidi miaka mitano, ndilo linalolindwa na sheria hiyo. Kumtoa mwenye duka, au hata kumwongezea kodi, kwahitaji notisi ya namna iliyowekwa, ya miezi miwili au zaidi, naye aweza kupinga mbele ya baraza la mashauri hayo. Ndiyo sababu mawakili huandika hati nyingi za maduka kwa miaka mitano na miezi mitatu, na hati ya urefu huo sharti iandikishwe.

Mwisho ni ushuru wa serikali. Kodi ya nyumba za kuishi ikizidi Sh. 288,000 kwa mwaka bila kupita milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 1, 2024. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Vyumba sita vya Sh. 4,500 huleta Sh. 27,000 kwa mwezi, na ushuru wake ni Sh. 2,025, wa kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za fundi na mabati hazitolewi kwanza katika hesabu hiyo. Anayetaka zitolewe huiandikia Mamlaka ya Mapato akiomba kukadiriwa kwa mwaka kama walipa ushuru wengine, na huyo hana budi kuweka kila risiti, hata ile ya misumari.