Uanagenzi wa Uhandisi na Amana ya Kipimo

Abiria apandaye ndege ya Air Tanzania ya aina ya Boeing 787 katika kiwanja cha Dar es Salaam huketi baina ya injini mbili za Trent 1000, kazi ya kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza, ambazo kila moja ina pangaboi la mbele lenye kipenyo cha karibu mita 2.85, yaani kupita kimo cha mtu mrefu. Ndani ya mtambo huo mna mapanga madogo ya aloi ya nikeli, kila moja likiwa limekuzwa hata likawa fuwele moja tu ya madini, nayo huzungushwa na hewa yenye moto mkali kuliko ule uwezao kuyayeyusha madini yenyewe, yakasalimika kwa sababu hewa iliyo baridi zaidi hupitishwa katika vitundu vyembamba vilivyotobolewa ndani yake. Ni haki yetu kuuliza watu wa kuaminiwa kazi ya namna hiyo hupatikana wapi. Na jawabu ni kwamba si wote waliotoka vyuo vikuu, bali wako walioingia kiwandani wakingali vijana waliomaliza shule juzi tu, wakawa wanagenzi.

Uanagenzi ni mkataba. Kampuni humwajiri kijana, ikamlipa mshahara, ikamweka chini ya mafundi wa kumwongoza, na wakati huohuo ikampeleka darasani akasome hesabu, fizikia na uchoraji wa mitambo. Naye kwa upande wake huahidi kutii, kufanya kazi na kujifunza hadi muda utimie. Katika uhandisi muda huo aghalabu ni miaka mitatu au minne, na tangu mwaka 2015 uko Uingereza uanagenzi umalizikao kwa shahada kamili ya chuo kikuu, pasipo kijana kudaiwa ada hata kidogo.

Desturi hii ni ya zamani sana. Sheria ya mwaka 1563, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilimkataza mtu kufanya kazi za ufundi zilizotajwa ila awe ametumikia miaka saba chini ya bwana wake, na sharti hilo likadumu hata lilipofutwa mwaka 1814. Walakini kufutwa kwa sheria hakukuifuta hekima iliyokuwamo, kwa maana zama hizohizo za mapinduzi ya viwanda zilionyesha jinsi ustadi unavyorithiwa kwa mkono. Henry Maudslay, aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 12 katika ghala ya silaha ya Woolwich, alifungua karakana yake mjini London na kushika usahihi wa kipimo kama mtu ashikavyo ibada. Na miongoni mwa waliofanya kazi kwake ni Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alitoa pendekezo la kipimo kimoja cha hesi za parafujo kwa viwanda vyote, ili parafujo iliyotengenezwa mji huu iingie katika nati iliyotengenezwa mji ule.

Mwanzilishi mwenyewe wa injini za Rolls-Royce alikuwa mwanagenzi, tena mwanagenzi aliyekatishwa njiani. Henry Royce alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Alwalton, akafiwa na baba angali mtoto, akauza magazeti na kupeleka simu za maandishi ili apate riziki. Shangazi yake akajitolea kumlipia ada ya kuingia karakana ya reli ya Great Northern mjini Peterborough, kwani siku zile mzazi ndiye aliyelipa ili mwanawe afundishwe. Na baada ya miaka kama mitatu fedha za shangazi zikaisha, kijana akatoka bila kuhitimu. Royce alijisomea usiku, akafungua karakana yake Manchester mwaka 1884, akakutana na Charles Rolls mwaka 1904, na kampuni yao ikaundwa mwaka 1906, kisha ikahamia Derby, ambako hata leo kiko chuo cha wanagenzi wake. Ni wachache mno wenye nguvu ya nafsi kama ya Royce, na hatutajua kamwe ni vijana wangapi wa zama zake waliopotea kwa kukosa ada.

Dhuluma hiyo siku hizi imeondolewa huko kwa njia iliyo wazi. Tangu Aprili 2017 mwajiri wa Uingereza ambaye jumla ya mishahara anayolipa kwa mwaka inapita pauni milioni 3 hutozwa asilimia 0.5 ya kiasi kinachozidi hapo, na fedha hizo zilikusudiwa kufundishia wanagenzi. Hivyo kampuni kubwa ina sababu ya kuwafundisha vijana, kwa kuwa mali yake imekwisha kutolewa kwa ajili hiyo.

Na huyo kijana akiisha kupokelewa hufanya nini? Hapelekwi moja kwa moja kwenye injini. Hupewa miwani ya kinga, viatu vyenye chuma puani na koti la kazi, akaonyeshwa meza yenye jiliwa, akapewa kipande cha chuma, tupa na msumeno, akaambiwa akifanye kiwe mraba kamili, chenye pembe zisizopinda na uso usiopitisha mwanga chini ya rula. Kisha hupima kwa maikrometa, chombo kionyeshacho sehemu moja ya mia ya milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Na akiwa amepunguza kupita kiasi, hakuna dawa, maana chuma kilichoondolewa hakirudishwi. Baadaye huja mashine za kukereza na kuchonga, umeme, uchomeleaji na kompyuta za usanifu, na kisha huzungushwa idara hata idara, miezi hapa na miezi pale, apate kujua jinsi mchoro unavyogeuka kuwa kitu.

Lakini lililo kubwa katika mafunzo hayo si mashine, ni amana. Katika viwanda vya ndege kila chombo cha kazi kina nafasi yake iliyochongwa kwa umbo lake sandukuni, na nafasi ikionekana tupu mwisho wa zamu, kazi husimama mpaka chombo kipatikane, kwa kuwa spana iliyosahaulika ndani ya injini yaweza kuua mamia ya watu. Kila kipande muhimu kina namba yake, na kila hatua huwekwa sahihi na aliyeifanya. Kwa hiyo mwanagenzi akikosea kipimo, wajibu wake ni kusema, na wajibu wa fundi wake ni kumsikiliza bila kumfedhehesha, maana kijana aliyetishwa huficha, na kosa lililofichwa ndilo liletalo msiba.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuanzi patupu. Kenya ina sheria ya mafunzo ya viwandani tangu mwaka 1959, na waajiri hutozwa mchango kwa ajili ya mafunzo. Tanzania nayo ina VETA, yaani mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Walakini wazazi wengi bado huona kwamba mtoto aendaye karakana ni yule aliyeshindwa masomo, nayo makampuni mengi humpokea kijana kwa mafunzo ya majuma machache, akafagia na kuleta chai, akaondoka na cheti kisichokuwa na ustadi nyuma yake.

Hayo hayatoshi. Kampuni inayojenga reli, bandari au mabwawa ya umeme katika nchi zetu na iwachukue vijana wetu kwa miaka mitatu au minne kamili, iwalipe, iwape fundi mwenye subira na nafasi ya darasani. Na serikali itoayo kandarasi iliandike jambo hilo katika mkataba kabla ya kutia sahihi. Nawe mzazi, mwanao akikuambia anataka kushika tupa, usimvunje moyo, bali muulize ni kampuni gani na ni nani atakayemfundisha.