Dole gumba la simu: Ishara ndogo iliyozaa deni kubwa

MWEKA hazina wa chama anapowatumia wanachama ujumbe akiuliza iwapo wanakubali mchango wa kila mwezi uongezwe, wengi hawajisumbui kuandika jibu. Hubonyeza alama ya dole gumba lililoinuliwa juu, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Je, alama hiyo husema nini hasa? Yupo anayemaanisha "nimekubali", na yupo anayemaanisha "ujumbe wako nimeuona" basi. Tofauti ya maana hizo mbili ilimgharimu mkulima mmoja nchini Kanada zaidi ya dola 82,000 za nchi hiyo.

Dole gumba ni mojawapo ya emoji, yaani picha ndogo ndogo zinazotumiwa katika ujumbe wa simu na tarakilishi. Neno lenyewe lina asili ya Kijapani: 'e' ni picha na 'moji' ni herufi. Mnamo 1999, msanifu Shigetaka Kurita alibuni picha 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo nchini Japani.

Mwaka wa 2010, emoji nyingi, dole gumba likiwemo, ziliingizwa katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi nambari yake. Kutokana na hatua hiyo, picha inayotumwa kwa simu ya aina moja huweza kusomeka katika simu ya aina nyingine. Hata hivyo, utaratibu huo huhakikisha tu kwamba picha imefika. Maana yake huachiwa wanaoandikiana.

Hapo ndipo kesi ya Kanada ilipozuka. Mnamo Machi 2021, mnunuzi wa nafaka katika mkoa wa Saskatchewan alizungumza na mkulima kwa simu kuhusu mbegu za kitani. Baadaye aliandika mkataba, akautia sahihi, akaupiga picha na kumtumia mkulima huyo akimwomba athibitishe. Mkulima alijibu kwa dole gumba tu.

Bei iliyoandikwa ilikuwa dola 17 kwa kila kipimo cha busheli, na mbegu zilitakiwa kufikishwa Novemba. Mwezi huo ulipowadia, bei sokoni ilikuwa imepanda hadi dola 41, na mbegu hazikuletwa. Mnunuzi akaenda mahakamani.

Mkulima alijitetea kwamba dole lile lilionyesha tu kuwa ameupokea ujumbe, na kwamba hakuwa amekubali masharti ya mkataba. Jaji T.J. Keene hakukubaliana naye. Katika uamuzi wake wa Juni 2023, alisema alama hiyo, ingawa si njia ya kawaida ya kutia sahihi, ilitosha kuufunga mkataba. Mkulima aliamriwa alipe dola 82,200.

Uamuzi huo haukusimama juu ya picha peke yake. Jaji aliangalia mazoea ya wawili hao: hapo awali, mkulima alikuwa akijibu mikataba ya ngano kwa neno moja au mawili ya kukubali, kisha akaleta nafaka bila ubishi. Kwa hivyo, dole gumba lilichukua mahali pa maneno hayo.

Mahakama ya Rufaa ya Saskatchewan iliunga mkono uamuzi huo mnamo Desemba 2024, lakini si kwa kauli moja. Majaji wawili walikubaliana nao, huku mmoja akishikilia kwamba picha hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa sahihi.

Kwa Wakenya, wazo la dole gumba kuwa sahihi si geni. Kwa miaka mingi, asiyejua kuandika amekuwa akichovya kidole katika wino na kukibandika chini ya hati. Tofauti ni kwamba alama ya wino hubeba mistari ya ngozi ya mwenyewe, ambayo mwingine hana. Dole la simu ni lile lile kwa watu wote, na kinachomtambulisha aliyelituma ni nambari yake ya simu.

Uamuzi wa Kanada hauzifungi mahakama za Kenya. Hata hivyo, sheria ya Kenya kuhusu habari na mawasiliano inakubali kwamba mtu anaweza kutoa pendekezo la mkataba, au kulikubali, kwa ujumbe wa kielektroniki. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kutolewa mahakamani kwa masharti maalum.

Ardhi ina kanuni zake. Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuza shamba au ploti yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Anayedhani amenunua shamba kwa kuwa mwenyewe alimjibu kwa dole gumba huenda akajikuta mikono mitupu.

Isitoshe, ishara hiyo haipokelewi vyema kila mahali. Nchini Iran, kwa mfano, kumwinulia mtu dole gumba kumehesabiwa tangu jadi kuwa tusi.

Njia ya kujikinga ni nyepesi. Aliyeuona ujumbe tu aandike: "Nimeupata, nitakujibu baadaye." Aliyekubali naye ataje anachokikubali, kiwe ni bei, kiasi au tarehe. Naye mweka hazina asihesabu madole kuwa kura kabla ya kuwauliza wenyewe walimaanisha nini.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika enzi hii ya simu, kidole ndicho ulimi, na kujikwaa kwacho kwaweza kumtia mtu deni.