FIFA Haimwekei Mtu Dhamana

"Wakili, si FIFA imekataza mambo ya mpira kwenda mahakamani?"

Swali hili nimeulizwa sokoni Tengeru, nimeulizwa Usa River nje ya kituo cha polisi, na hapa Nkoaranga nimewahi kuulizwa tukitoka msibani. Anayeuliza huwa hana shida na mpira wenyewe. Ana kijana aliyemvunja mtu taya. Mchezaji kampiga shabiki, au kamvizia refa nje ya uwanja, na viongozi wa timu wameshakaa na mshili wa ukoo na wazee wakakubaliana yaishie hukohuko, maana "FIFA itatufungia nchi nzima".

Haitafungia. Tafadhali lisambazeni hili kama mlivyosambaza lile.

Kinachokatazwa na Katiba ya FIFA ni chama, klabu, kiongozi au mchezaji kukimbilia mahakama za kawaida kwa mgogoro wa kimpira ambao una vyombo vyake. Mfano tunao nyumbani. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Shauri lilikwenda kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho letu la soka, TFF, nayo Januari 2023 ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Juu ya ngazi hizo kuna Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Lausanne, Uswisi. Hatimaye pande mbili zikaelewana, na Juni 2023 akaenda Azam. Mkataba, usajili, pointi za mezani: huo ndio mgogoro wa kimpira. Ngumi aliyopigwa mtu aliyelipa kiingilio haimo.

Na huyo aliyepigwa hajasaini popote kuitii FIFA. Hata kesi yenyewe si yake. Ni ya Jamhuri, inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye si mwanachama wa TFF na hasubiri ratiba ya Ligi Kuu.

Hapo mjuaji wa kijiwe hutoa karata yake: Kenya. Ni kweli Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya, na kifungo kikaondolewa Novemba mwaka huohuo. Lakini soma sababu. Novemba 2021 waziri wa michezo, Amina Mohamed, aliweka pembeni uongozi wa shirikisho na kuteua kamati ya muda kuliendesha. FIFA ikaita hilo uingiliaji. Rais wa shirikisho, Nick Mwendwa, naye alikamatwa siku zilezile, na watu wakayasokota mambo hayo mawili yakawa kamba moja.

Yatenganishe kwa kuangalia kwetu. Juni 2017 TAKUKURU ilimkamata rais wa TFF, Jamal Malinzi, pamoja na katibu mkuu wake, wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Hakuna waziri aliyeteua kamati ya kuendesha TFF. Wallace Karia, aliyekuwa makamu, alikaimu. Agosti uchaguzi ukafanyika Dodoma, akashinda. FIFA haikuifungia Tanzania hata kwa saa moja. Kama rais wa shirikisho zima anapanda kizimbani na ligi inaendelea, beki wenu wa kushoto ana kinga gani?

Januari 2018 polisi wa Bukoba walimkamata Juma Nyosso wa Kagera Sugar akituhumiwa kumpiga shabiki baada ya mechi na Simba. Bado kuna watu wazima wanaoniambia polisi walivuka mpaka, wangeiachia TFF. TFF wana kazi yao: kufungia, kutoza faini. Hawana mahabusu, na adhabu yao si hukumu ya mahakama, kwa hiyo hoja ya "ameshaadhibiwa, hawezi kuadhibiwa mara mbili" haina miguu.

Wanaodhani hili ni ukali wa Kiafrika wamsome Eric Cantona. Januari 1995, uwanja wa Selhurst Park, alimrukia teke shabiki wa Crystal Palace. Chama cha soka cha England kilimfungia miezi 8 na FIFA ikataka kifungo hicho kiheshimiwe dunia nzima. Pamoja na hayo, hakimu alimpa wiki 2 jela. Rufaa ndiyo iliyoigeuza kuwa saa 120 za kazi za jamii. Duncan Ferguson wa Rangers alimpiga kichwa mchezaji wa timu pinzani uwanjani Aprili 1994. Refa hakutoa hata kadi. Mahakama ilitoa miezi 3, na akakaa gerezani Barlinnie siku 44.

Kwa hiyo kila rafu ni jinai? Hapana. Anayeingia uwanjani amekubali kugongwa kwa namna ambayo mchezo huzaa, hata ile ya kadi nyekundu. Hakukubali kupigwa ngumi mpira ukiwa umetoka.

Sasa ya kufanya, haraka. Uliyepigwa: kituo cha polisi kwanza, chukua fomu ya PF3, ndipo hospitali, ukiwa mahututi anza na hospitali, PF3 itafuata. Andika majina ya mashahidi siku hiyohiyo, hifadhi video kabla haijafutwa kwenye kundi la WhatsApp. Mchezaji: jipeleke mwenyewe, usisubiri kufuatwa kambini. Omba wakili au ndugu awepo ukitoa maelezo, na usisaini usichosoma. Shambulio la kudhuru mwili ni hadi miaka 5, lakini lina dhamana, kituoni na mahakamani. Kupatana kunawezekana kwa makosa madogo, mbele ya hakimu na kwa ruhusa yake. Hati ya wazee wa ukoo peke yake haiondoi jalada polisi, na kumpa shahidi fedha ili asionekane ni kosa jingine jipya. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai, ndani ya miaka 3.

Na mwenyekiti wa timu, ukija kumtoa mchezaji wako, Katiba ya FIFA iache nyumbani. Njoo na wadhamini wenye vitambulisho vya NIDA na barua ya mtendaji wa kijiji.